Kiti Kando ya Sinki: Risala ya Wafanyakazi wa Wodi ya Watoto Njiti

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Afya wa Kanda. Daktari mkuu wa hospitali yetu, ambaye ameisoma risala hii mara tatu na kutoka nje kupunga upepo mara mbili. Wazazi wa watoto waliolazwa. Ndugu waalikwa wote, tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU

Sisi wafanyakazi kumi na wanne wa wodi ya watoto njiti, yaani watoto waliokuja duniani kabla ya siku zao, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Maneno hayo tuliyajadili karibu nusu saa kabla ya kuyaandika, na sababu utaisikia.

Tunajua umekuja kwa furaha. Umekuja kuzindua bango la kijani la kunawa mikono, lipelekwe katika hospitali zote kumi na mbili za kanda, kwa kuwa utafiti uliofanyika hapa kwetu umesema bango hilo ndilo lililotufanya tunawe. Maboksi kumi na mawili yako pale mlangoni, yamefungwa utepe, na mkasi umewekwa kwenye sinia. Tunaomba mkasi usubiri kidogo. Tuna jambo la kusema, na kwa bahati mbaya jambo lenyewe ni sisi.

HISTORIA YA UTAFITI

Miezi minane iliyopita idara ya utafiti ilituletea daktari kijana, ambaye humu ndani tunamwita Daktari Asilimia, aje achunguze kwa nini watoto wetu wanapata maambukizi. Wakati huo walikuwa wanaugua kumi na mmoja kwa mwezi. Alihitaji mtu wa kukaa kutwa kando ya sinki la mlangoni, aandike nani amenawa kabla ya kumgusa mtoto na nani hakunawa. Alitaka mtu mwenye macho makali, mwenye subira, na asiyempendelea mtu. Wengi wetu tulijitokeza kwa moyo mmoja, tukaonekana hatufai kwa sifa zote tatu. Akachaguliwa mama mmoja wa chumba cha kufulia, ambaye kwa miaka kumi na saba alikuwa anahesabu mashuka ya hospitali hii na halijapotea hata moja.

Alipewa kiti cha plastiki, kalamu na rundo la fomu. Aliyenawa aliwekewa nukta. Aliyepita kavukavu aliwekewa mkato. Ndipo tukamwita Bi Nukta, ingawa ukweli ni kwamba mwezi wa kwanza alifanya kazi ya mikato tu.

Mwezi ule, mgeni rasmi, hatukujua anaandika nini. Tulimzoea na mashuka yake, tukadhani anahesabu mashuka. Kwa hiyo tulikuwa sisi wenyewe kabisa. Tulitoka kwenye simu tukaenda moja kwa moja kwenye kitovu cha mtoto. Tulifungua milango, tulijikuna, tulisogeza viti, kisha tukarekebisha mpira wa maziwa puani mwa mtoto wa kilo moja na robo. Mwisho wa mwezi hesabu ikatoka: asilimia thelathini na moja. Yaani kila mikono kumi iliyogusa mtoto, karibu saba ilikuja ilivyo, na wenye mikono hiyo wote tuna vyeti ukutani.

Mwezi wa pili yalifanyika mambo mawili asubuhi moja. Bango la kijani lilibandikwa ukutani, na Daktari Asilimia akatutangazia kikaoni kile ambacho Bi Nukta alikuwa anaandika. Kuanzia siku hiyo tukanawa. Ripoti ikasema ni bango.

MAFANIKIO

Yapo, na tungependa sana yawe yetu. Kunawa kulipanda hadi asilimia tisini na nne. Watoto wanaougua walishuka kutoka kumi na mmoja hadi wawili kwa mwezi. Takwimu hizo umezisoma, na barua yako ya pongezi tuliibandika jikoni.

Lakini tuseme ilivyokuwa. Wiki za kwanza tulijaribu kila hila. Muuguzi mwenzetu anayekusomea risala hii, tuliyemchagua kwa sababu ya pumzi zake, ndiye aliyekuwa anapiga mluzi Bi Nukta alipokuwa akitokea kule mwisho wa ujia, ili sote tukimbilie sinki. Wengine tulilowesha ncha za vidole na kukung'uta maji kwa madaha. Bi Nukta alitazama, akaweka nukta ndogo sana, akasema, "Hiyo ni ya kumwagilia maua. Rudi."

Siku moja daktari bingwa wetu alipita mbio na wanafunzi sita nyuma yake.

"Daktari, mikono," Bi Nukta akasema.

"Mama, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuita daktari. Mikono."

Alinawa. Wale sita nao wakanawa, wakiogopa hata kukohoa. Tangu siku hiyo daktari bingwa akifika mlangoni hukunja mikono ya shati kabla hajaulizwa, na huwa anajifanya ni mazoea yake ya tangu chuo.

Lile bango, mgeni rasmi, limebandikwa juu ya sinki la ndani, ambalo bomba lake lilikauka wiki mbili kabla bango halijaja. Kwa miezi saba hakuna aliyesimama mbele yake ila fundi bomba, naye alikuja kupima tu.

CHANGAMOTO

Changamoto zetu ziko kumi na nne: kumi na tatu zimekaa safu ya pili mbele yako, na moja inakusomea.

Mwezi wa sita, Bi Nukta aliteleza kwenye ujia tuliokuwa tumeupiga deki bila kuweka alama, akateguka kifundo cha mguu. Alilala nyumbani siku tisa. Daktari Asilimia naye alikuwa makao makuu akimalizia ripoti. Kiti kikabaki kitupu na fomu zikabaki juu yake.

Hatukutaka utafiti uwe na pengo. Tuliona huruma, tukasema tumsaidie mwenzetu. Tukajaza fomu sisi wenyewe, kwa zamu, kwa mwandiko mzuri. Nukta tupu. Siku tisa, asilimia mia moja. Tukazituma, zikaingia kwenye ripoti, ripoti ikakufikia wewe, nawe ukatuandikia pongezi.

Siku ya kumi Bi Nukta akarudi na bandeji mguuni. Tulimpigia makofi. Alikaa kitini, akafungua fomu, akafurahi sana, na tuliona kwa macho yetu jinsi alivyofurahi. Kisha akageuka kutazama chupa ya sabuni. Sisi hatukujua kwamba kila jioni kabla ya kuondoka huchora mstari kwenye chupa ile, penye usawa wa sabuni. Ni mazoea ya chumba cha kufulia, mtu hawezi kuyaacha. Chupa moja hututosha siku tatu. Ile ilikuwa imekaa siku tisa, na sabuni ilikuwa imeshuka vidole viwili tu chini ya mstari wake.

Alitazama chupa, akatazama fomu, akatutazama sisi.

"Ndugu zangu," akasema, "hizi nukta mia nne na kumi mlinawa kwa kitu gani? Kwa mate?"

Akainuka, akachechemea hadi ndani kuwaona watoto. Katika siku zile tisa walikuwa wameugua wanne. Mmoja wao ni mtoto wa mama fundi cherehani, yule tunayemwita Kifungo kwa udogo wake. Kifungo alikuwa amefika kilo moja na nusu, akarudi nyuma hadi moja na robo. Mara mbili alisahau kupumua, na mara mbili tulimkumbusha, kwa mikono hiyohiyo.

Bi Nukta alisimama kando ya kitanda cha joto cha Kifungo akalia. Tulitegemea atatutukana, tukawa tumejiandaa. Hakututukana. Alisema, "Kosa ni langu. Nilidhani mmeshazoea." Mgeni rasmi, tumewahi kukaripiwa na wakubwa wengi katika kazi hii, lakini hakuna karipio lililotuingia kama lile.

Tuliapa hapohapo. Tuliapa kwa mama zetu, na mmoja wetu akaapa kwa watoto wake, kwamba kuanzia siku ile tutanawa awepo asiwepo. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano Bi Nukta alikwenda kuangaliwa mguu, akachelewa hadi saa tisa alasiri. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye chupa. Sabuni haikuwa imeshuka hata upana wa ukucha.

Si kwamba hatujui. Somo hili tunawafundisha wengine. Si kwamba hatuwapendi watoto. Tunawaimbia, tunawapa majina. Ni kwamba kazi ikibana na jicho lisipokuwepo, mkono unakwenda kwa mtoto kabla akili haijafika. Tumejichunguza sana, na tumeona kwamba katika wodi yetu kilichokuwa kinanawisha mikono ni yule mama aliye kitini.

Daktari Asilimia alikaa na zile fomu siku mbili bila kula vizuri. Kisha akaja kikaoni akasema, "Nilipima bango, kumbe nilikuwa napima kiti." Ameandika ripoti upya. Haina uzuri wa ile ya kwanza, na iko mezani kwako ndani ya bahasha ya kaki.

Mama yake Kifungo tulimwambia yeye kwanza, kabla yako. Tulikwenda wote kumi na wanne, tukasimama kama wanafunzi waliochelewa. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kutoka kwa mwanawe. Halafu akauliza swali moja tu:

"Na leo mmenawa?"

MAOMBI

Mgeni rasmi, utafiti unakwisha Ijumaa hii. Kwa barua ya idara, kiti kinarudi ofisini na Bi Nukta anarudi kufua Jumatatu. Barua hiyo ilitufurahisha miezi sita iliyopita. Sasa tunaihesabia siku kwa hofu, kwa sababu tunajijua.

Tunaomba asirudi kufua. Tunaomba abaki kando ya sinki, kwa kazi yenye jina na barua, na kama hospitali nyingine kumi na moja zinahitaji kitu kutoka kwetu, zipelekewe habari ya kiti. Mabango nayo yaende kama yapo, hayana dhambi, ila yasiende peke yake. Tulipomsomea Bi Nukta sehemu hii alisema kwamba kuchukiwa kuanzia saa mbili asubuhi si kazi ya raha, na kule kwenye mashuka hakuna anayemkwepa. Kisha akasema, "Lakini mkiniombea kiti, ombeni na mto. Hicho cha plastiki kinaniua mgongo." Basi tunaomba na mto.

Tunaomba zile siku tisa zifutwe katika takwimu zako, na kama kuna wa kuadhibiwa, Daktari Asilimia asiachiwe peke yake. Mwandiko ule ni wetu. Kila mmoja ameandika jina lake nyuma ya fomu aliyoijaza.

Bomba la sinki la ndani tulikwisha kulitaja.

Limebaki ombi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Ratiba inasema kwamba baada ya risala utaingia wodini kupigwa picha ukiwa umembeba mtoto. Mtoto aliyechaguliwa ni Kifungo. Leo asubuhi ametimiza kilo mbili na gramu hamsini, na mama yake amemshonea kofia. Tulipoandika risala hii tuliacha nafasi ya wazi mahali hapa, na Bi Nukta ameijaza kwa kalamu yake sasa hivi. Amesema kwamba tangu ushuke garini umeshikana mikono na watu arobaini na mmoja, ukashika kitasa cha lango, na ukampapasa paka wa jikoni.

Daktari mkuu alituomba tulifute ombi hili. Alisema kiongozi haambiwi mambo ya namna hiyo mbele ya watu. Tulikaribia kumsikiliza, maana heshima yako ni kubwa kwetu. Ila kunyamaza kwa heshima ndiko kulikojaza zile fomu.

Sinki liko mkono wako wa kulia, ukivuka mlango tu. Sabuni ipo, na mstari wa jana unauona. Pete na saa utatuwekea kwenye sinia lile la mkasi. Bi Nukta ameshakaa, na amefungua ukurasa mpya wenye mstari mmoja ulioandikwa "Mgeni". Mbele yake bado hajaweka kitu.

Mungu akujalie afya, awape watoto hawa uzito, na atupe sisi aibu ya kutosha hata siku ambayo hakuna anayetutazama.

Ni sisi, wafanyakazi wa wodi ya watoto njiti, wenye mikono ishirini na minane. Leo imenawa ishirini na sita. Miwili iliyobaki imeshika karatasi hii, na inakufuata nyuma kwenye foleni ya sinki.