Nyama ya Swala Inamsubiri Bwana

"Nyama ya swala nyumbani kwangu hailiki," bwana mwenye mkoba alimlalamikia mpishi wa hospitali aliyeketi naye kwenye treni ya jioni. "Mke wangu anaikausha mpaka inakuwa soli."

Nyuma yao, fundi viatu alitega sikio. Mambo ya soli yanamhusu.

"Anaipikaje?" mpishi aliuliza.

"Kwani mimi najua? Mimi ni wa kula."

"Swala hana mafuta, kaka. Kikaango kiwe cha moto kweli, dakika tatu kila upande, iachwe ipumzike kidogo, iliwe hapo hapo. Wewe unaikuta mezani saa ngapi?"

"Nikifika."

"Unafika saa ngapi?"

Ghafla bwana akaona dirisha lina mambo mengi ya kutazama. Fundi viatu akajiuma mdomo asicheke. Ndivyo wanavyofanya wateja wake wanaoapa kwamba kiatu kilipasuka chenyewe.

Simu ya bwana ikalia. "Eeh, mama watoto! Bandika kikaango, nipo getini."

Zilikuwa zimebaki stesheni nne.

"Geti la wapi hilo?" mpishi akamvaa. "Halafu useme mkeo hajui kupika!"

"Dada, usiingilie nyumba yangu. Mwanamke anayejua kupika, nyama yake inamsubiri mume."

Treni ikasimama. Bwana akanyanyua mkoba. "Nashuka hapa mara moja, nimsalimie mtu. Dakika tano tu."

Fundi viatu alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye baa ya ng'ambo ya barabara. Bia ya bwana ilikuwa imeshafunguliwa mezani, na hiyo hakuiacha isubiri.