Fundi Rangi na Shati la Mikono Mirefu

Basi lilikuwa tanuri, lakini fundi rangi, kijana aliyepakata ndoo yake ya brashi, alikuwa amefunga vifungo vya mikono ya shati. Bibi aliyekaa naye, asiyemjua hata kidogo, akashindwa kunyamaza. "Mjukuu wangu, unaficha alama za sindano? Mwanangu alipokuwa teja alivaa hivyohivyo."

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. "Niliacha, bibi. Mwaka na nusu sasa. Ila jina la teja ndilo halijaniacha."

"Basi kunja, usije ukaiva."

Akakunja, akingoja bibi asogee kando. Bibi akaukagua mkono wote, akatia leso mate, akamsugua kiwiko. "Aibu yako ni hii hapa! Fundi mzima unatembea na rangi."

Basi liliposimama, alishuka mikono ikiwa wazi, akicheka peke yake.