Adyero Hana Malaria

Risala ya Klabu ya Riadha ya Mteremko, Kyambogo, katika ufunguzi wa chumba cha vyuma vya mazoezi, Jumamosi tarehe 21 Mei 2022

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hajati Maimunah, Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ya timu ya taifa ya mbio;
Mwenyekiti wa mtaa; wazazi; makocha; wakimbiaji wenzetu;
na nyinyi wapita njia mlioegemea ukuta kwa kuwa mmeona hema na viti:

Tunawasalimu wote.

MAKARIBISHO

Sisi wanachama thelathini na mmoja wa klabu hii tunakukaribisha kwa mikono miwili, Hajati. Risala hii hatukuiandika kwa Kiingereza, ingawa tuliambiwa wageni wakubwa wanapenda Kiingereza. Hapa kuna Waganda, Waacholi, Wabukusu wa pande zote mbili za mpaka, na Wanande waliokimbia Kongo. Lugha tunayohesabia raundi ni hii. Tunajua watu wa Kampala wanasema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Leo ni lugha ya watu walioshtuka.

Ndiyo, tumeshtuka. Tulitamani tuanze na furaha, na furaha ipo: chumba kina paa, kina vyuma, kina hata kioo. Asante sana. Lakini mtu aliyeshtuka hawezi kukaa anasifia kioo. Utuvumilie.

HISTORIA

Klabu ilianza Februari 1987, mwaka mmoja baada ya vita kuingia Kampala. Uwanja huu ulikuwa nyasi za kiunoni. Tulipozifyeka tuliokota maganda ya risasi, ndoo mbili zikajaa. Mwanzilishi wetu alikuwa marehemu mwalimu Makokha, mwashi kutoka Bungoma. Hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Alipuliza filimbi tu, sisi tukaja.

Wakati ule kila mtu alikuwa na sababu ya kuchoka. Kuna aliyekuwa amezika ndugu watano. Kuna aliyefika hapa kwa miguu kutoka Luwero. Mwalimu aliona kwamba mmoja akikaa chini, wote watakaa. Akaweka sheria moja: atakayetamka neno "nimechoka" atakimbia raundi kumi, wenzake wakiimba na kumhesabia. Tuliipenda sheria hiyo. Ilituinua, na hatutamsema vibaya mwalimu kaburini.

Lakini sheria ile ilizaa mtoto ambaye yeye hakumtarajia. Kwa kuwa kuchoka kulipigwa marufuku, watu wakaanza kuugua malaria.

Daftari letu la mahudhurio tunalo lote, tangu siku ya kwanza. Lina safu ya sababu za kukosa mazoezi. Kwa miaka thelathini na mitano sababu ni mbili tu: msiba, na malaria. Misiba tulikwenda kuizika wenyewe. Hizo malaria ndizo tutakazozisema leo.

MAFANIKIO

Tumetoa wakimbiaji kumi na wanne wa timu ya taifa. Nahodha wa timu ya sasa, Wanyama, ni wetu. Adyero, wa mita elfu tano, ni wetu. Mwaka 2019 aliporudi na medali ya fedha, wakubwa walisukumana pale Entebbe wapigwe picha naye. Picha yako tunayo, Hajati. Umemshika mkono. Umetoka vizuri.

YALIYOTUPATA MWEZI HUU

Jumatano tarehe 4 Mei Adyero aliitwa kwenye kituo cha redio kule Kabalagala. Mtangazaji, Valarie, akamuuliza kwa utani tu: "Bingwa, wewe unaogopa nani?" Alitegemea kusikia jina la Mkenya au Mhabeshi.

Adyero akasema: "Naogopa asubuhi. Viatu nikiviona mlangoni, nalia. Miezi minane sasa. Miguu ni mizima. Ni mimi nimechoka."

Sisi tulikuwa kwenye kibanda cha chapati, simu tumeitumbukiza kwenye kikombe ili isikike. Tulifanya nini? Tulicheka. Wanyama aliruka juu: "Banange! Amelisema! Nchi nzima imemsikia! Hiyo si kumi, hiyo ni kumi na kodi yake!"

Kesho yake asubuhi alikuja mazoezini kama kawaida. Tulimpangia mistari miwili kama bibi harusi. Wanyama alishika kengele. "Nyabo bingwa," akamwambia, "sheria ni msumeno." Adyero hakubisha. Alikaza kamba za viatu, akaanza.

Tuliimba. Tulihesabu. Ya tatu, ya saba. Ya kumi tulipiga makofi na kengele ikalia. Hakusimama. Ya kumi na moja tukasema, anaturingia huyu. Ya kumi na tano kuna waliokuwa bado wanacheka. Ya kumi na tisa hakuna aliyeimba. Alikuwa analia huku anakimbia, na kasi haipungui. Mwenzetu Kahambu ndiye aliyekuwa na saa, akatuonyesha: sekunde sabini na sita, sabini na sita, sabini na sita.

Aliyeingia njiani ni mzee Barnabé, mkandaji wetu wa misuli kutoka Butembo. Alitanua mikono. "Simama, mama. Ni siye tulikosa. Simama."

"Baba, niache. Nikisimama kinaanza."

"Kinaanza nini?"

"Kichwa."

Mzee alimkumbatia, na miguu ya Adyero iliendelea kupiga udongo palepale kifuani kwa mzee, kama mashine iliyokosa wa kuizima. Hajati, hapa tumeona goti likigeuka upande usio wake. Tumeona mtu akizimia hatua mbili kutoka utepe. Hatujawahi kushtuka namna ile, kwa sababu safari hii walioumiza tulikuwa sisi, tena tukiimba.

Alasiri tulikaa kikao. Mzee Barnabé aliuliza neno moja tu: "Nani mwingine?"

Tulitegemea mkono mmoja, labda miwili. Iliinuka ishirini na miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Wanyama.

Kahambu hakuamini. "Wewe? Si wewe ndiye redio ya klabu?"

"Nikinyamaza mtaniuliza nina nini," Wanyama akamjibu. "Ndiyo maana sinyamazi."

Akaeleza kwamba tangu 2014 anatapika kabla ya kila mbio, na usiku wa kuamkia mbio anakaa kwenye kiti hadi kunakucha kwa sababu kitanda kinamkaba. Kutapika tulikujua. Tulidhani ni maziwa. Klabu ilimbadilishia maziwa mara tatu! Miaka minane, watu wazima na akili zetu, tunalaumu ng'ombe.

Siku ileile tuliifuta sheria ya raundi kumi. Kahambu na mzee Barnabé walimsindikiza Adyero kwa daktari wa afya ya akili. Anakwenda kila Jumanne. Anakunywa dawa, anaongea, analala. Daktari ameandika kwamba anaweza kushindana, na kwamba kukimbia na wenzake kunamsaidia. Cheti hicho tumekiambatanisha nyuma ya risala hii.

CHANGAMOTO

Choo kimeziba na geti halifungi, lakini hayo tutayasema mwaka ujao. Leo changamoto yetu ni barua.

Barua ni ya tarehe 6 Mei, na saini ni yako. Inasema Adyero "ameiaibisha timu kwa kutangaza udhaifu wa akili hadharani." Inasema jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wanaosafiri na timu ya taifa kwenda mashindanoni. Na inasema litarudishwa iwapo, kabla ya Ijumaa tarehe 27 Mei, atarudi kwenye redio ileile awaeleze wasikilizaji kwamba siku ile alikuwa na malaria.

Tuliisoma mara tatu, tukapokezana, maana kila mmoja alidhani mwenzake amesoma vibaya. Malaria! Kumbe na huko juu mnatumia daftari letu.

Basi tulifungue. Mwaka 2003, Nabangala, mita mia nane. Malaria mara kumi na saba ndani ya mwaka mmoja. Mbu wenyewe wangechoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza, dada, hii homa yako inakaa wapi? Tuliandika, tukafunga daftari. Mwaka uliofuata hakuja tena. Yule ndiye angekuwa wa kwanza kutuletea medali. Waliomwona akikimbia wanajua. Leo anauza mkaa Kireka, na akituona anavuka barabara.

Mwenyekiti wetu alitaka aya inayofuata ifutwe. Tulipiga kura jana. Imebaki.

Mwaka 1990. Maimunah, mita mia nne. Machi, malaria. Aprili, malaria. Mei, malaria. Mwandiko ni wa mwalimu Makokha mwenyewe. Wengine wetu tulikuwepo, Hajati. Tulikuja kwenu pale Banda na papai na sukari. Mama yako alitupokea mlangoni akasema umegeukia ukuta, huli, huongei, na mwili hauna joto lolote. Tulisimama pale tukasema, "Malaria mbaya sana hii," na mama yako akaitikia, "Mbaya sana." Yeye alijua. Sisi tulijua. Tukarudi na papai letu, maana hatukujua mtu anapewaje papai akiwa amegeukia ukuta.

Hatusemi haya ili kukuaibisha. Aibu gani? Mtu aliugua, akapona, Juni akarudi akakimbia, leo ni mheshimiwa. Tunayasema kwa sababu wewe ulipewa miezi mitatu. Mwalimu alikuandikia uongo wa huruma na nafasi yako ikakungoja. Adyero amesema ukweli, naye amepewa hadi Ijumaa.

Ndicho kilichotushtua kuliko yote. Angesaini mtu mwingine tungekasirika tu, kukasirika tumezoea. Lakini tulipoona jina chini ya ile barua, mzee Barnabé aliuliza, "Huyu si yule mtoto wa Banda?"

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Maji, mikeka, geti na mengineyo. Sita tumeyaondoa, ili usije ukatupa mikeka, ukapigiwa makofi, ukaondoka.

Ombi limebaki moja. Ifute barua. Hatuombi uirekebishe, na hatuombi iundwe kamati ya kuichunguza. Kamati tunazijua, zinazaliwa na kufa bila hata kuugua malaria. Mistari miwili inatosha: barua ya tarehe 6 imefutwa, Adyero anasafiri. Karatasi ipo mezani mbele yako, na kalamu ipo juu yake.

Tulimuuliza Adyero kama atakwenda kusema ni malaria. Yupo hapa, safu ya pili, mwenye suti ya michezo ya kijani. Tulimwambia hatutamlaumu, safari ni safari, na umri wa mkimbiaji ni mfupi. Mama yake mwenyewe alimsihi: "Sema tu, mwanangu, neno lenyewe dogo." Alijibu: "Mama, nimelisema lile kubwa nikabaki hai. Hili dogo ndilo litakaloniua." Tangu hapo hatujamuuliza tena.

Kwa hiyo ujue na hili, usije ukasema hukuambiwa. Katika orodha yako wamo wakimbiaji wengine wanne wa klabu hii, akiwemo nahodha. Ikifika Alhamisi tarehe 26 barua bado imesimama, saa nne asubuhi wote wanne watakuwa Kabalagala, studio ileile. Valarie ametutengea saa nzima. Kila mmoja atasema la kwake kwa jina lake kamili. Wanyama ataanza, na amekataa kuandikiwa. Baada ya hapo kamati itafute barua nne nyingine, na timu isiyo na nahodha.

Usione ni vitisho, Hajati. Ni taarifa. Tuliogopa kuja kuisema, na tumeisema hivyohivyo tukiwa tunaogopa.

Studio ile ina viti vitano vya wageni. Tumeuliza. Vinne vina wenyewe. Cha tano, Hajati, tumemwomba Valarie asimpe mtu mwingine.

HITIMISHO

Mungu akurudishe nyumbani salama, aibariki familia yako, na amrehemu mama yako aliyetupokea vizuri siku ile. Awape pumzi wanaokimbia, na wale ambao leo wamegeukia ukuta awaletee mtu wa kukaa nao.

Ni sisi,
Klabu ya Riadha ya Mteremko, Kyambogo.

Imesomwa kwa niaba ya wanachama wote na Nashon Wangila, katibu.