Stojanka Vukajlović na Jiko Lake

Ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Arilje, familia imenituma mimi Vidoje, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mama yetu mdogo Stojanka, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Latvica, mtoto wa tatu wa wakulima wa plamu. Alisoma hapahapa, akajifunza ushonaji mjini Užice, na kuanzia mwaka 1968 mpaka anastaafu alishona kola za mashati kiwandani, na ukivaa kola iliyopinda alikuambia papo hapo, hata msibani.

Tarehe 10 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Radisav, wakajaliwa Gordana na Miodrag.

Tarehe 2 Februari 2018 alipata kiharusi. Mikono ilipona upesi, lakini mpangilio wa mambo ulimpotea, akawa anavaa koti kisha shati juu yake, na siku moja akateleka birika la kahawa bila maji, akalisahau motoni mpaka pazia likashika moto. Gordana akataka kumhamishia kwake Novi Sad. Mama mdogo akasema, "Jikoni kwangu nitatoka nimebebwa."

Nasi tulimharibu kwa wema. Tulivyo watu wa hapa, mgonjwa hagusi kitu, Rosanda wa jirani akaleta supu, Miodrag akamvisha, naye akazidi kusahau, mpaka mtaalamu wake wa tiba ya kurudia kazi za nyumbani, binti Jelisaveta, akatufokea. Alimfundisha mama mdogo ajiambie kwa sauti: nataka nini, naanzaje, fanya, kagua. Sisi akatuamuru twende kama wageni, tukae tungoje, maana hapa kwetu mgeni gani hujipikia kahawa? Loo, tulikunywa kahawa ya chumvi sisi! Na mama mdogo akituuliza, "Vipi?" ilibidi tuseme kweli, ili atafute mwenyewe alipokosea. Rosanda alipoinuka kumsaidia, alikatwa kauli: "We Rosanda, kaa chini! Wewe mgeni au mke mwenzangu?"

Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu mlinzi wa nyumba yao, aliwapokea wageni mwenyewe, kwanza kijiko cha jamu na maji kama desturi yetu, kisha kahawa, mwisho akaligeukia jiko, akasema, "Kagua," akalizima. Gordana alilia mbele za watu, na habari za Novi Sad zikaishia hapo.

Mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, na asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024 ulisimama, akiwa kwenye kiti chake cha jikoni, akatoka kama alivyosema.

Tunawashukuru madaktari wa Užice, Jelisaveta, wenzake marehemu wa kiwandani, na majirani, Rosanda hasa, aliyekunywa chumvi nyingi kuliko sote.

Leo asubuhi baba mdogo Radisav, ambaye hajapika kahawa tangu aoe, aliingia jikoni akijisemea kwa sauti kama mkewe, nataka nini, naanzaje, na alipofika kwenye kukagua akaona ametoa vikombe viwili. Akavijaza vyote.

Pumzika kwa amani, mama mdogo. Jiko tumelizima, tumekagua.