Verlyn Tveiten na Bata wa Tarehe Mosi Oktoba

Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 1988, saa moja na dakika kumi asubuhi, kwenye bwawa la kaskazini la shamba la baba yao, ndugu wawili walifyatua bunduki kwa wakati mmoja, bata mmoja akaanguka, na tangu siku ile hawakuketi tena meza moja. Mkubwa kati yao ni mpendwa wetu Verlyn Tveiten, ambaye tumekusanyika kumsindikiza leo, na ni yeye aliyeagiza historia yake ianzie hapo, kabla hata ya kutaja kuzaliwa kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, maili saba kutoka mji wetu wa Skarvold, Dakota Kaskazini, siku ya theluji nzito ambayo mkunga alifikishwa kwa trekta, akiwa mtoto wa kwanza wa Halvor na Selma Tveiten, akafuatiwa na Ardis, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, na kitinda mimba Norris. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hili, akasoma shule ya chumba kimoja kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, akamaliza sekondari Mei 1964, na hakuendelea mbele kwa kuwa baba alikuwa ameumia mgongo na shamba lilihitaji mikono.

Juni 1965 aliajiriwa kwenye ghala la nafaka la hapa mjini, akafanya kazi pale hadi alipostaafu mwaka 2008. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Corrine Schimke, wakajaliwa mtoto mmoja, Janelle, mwaka 1974. Corrine alitwaliwa na Bwana tarehe 9 Novemba 2003, na tangu hapo marehemu alikuwa akila kwa kusimama jikoni, akisema kuketi mtu mmoja mezani ni kujisumbua bure.

Wengi wenu mlimfahamu kwa kazi zake za kiangazi, ambazo hakulipwa. Mwezi Juni alivaa mabuti yake marefu ya mpira akakagua viota vya nyasi alivyovisimika juu ya nguzo majini, Julai alihesabu vifaranga, na kwenye chumba cha chini cha kanisa hili akawafundisha wawindaji wapya sheria za msimu, yaani saa ya kuanza kupiga, idadi inayoruhusiwa, na namna ya kumtambua kila bata kwa bawa lake, na Agosti aliwanasa bata kwa mtego wa shayiri, akawavisha pete za namba miguuni, akawaachia waende zao.

Mwaka 1988 ulikuwa wa ukame, mabwawa yalikauka, bata wa mgongo mweupe wakapungua sana, na sheria ikakataza kumpiga hata mmoja. Asubuhi ile mwanga ulikuwa hafifu, na jike la bata huyo halina mgongo mweupe wa kumwonya mtu. Norris aliingia majini akamwokota, akasema, “Kaka, huyu ni yule wa marufuku.”

“Umempiga wewe,” marehemu alimjibu. “Mimi nimemlenga wa kushoto, nikamkosa.”

“Tumepiga pamoja, umejuaje?”

“Ninafundisha watu kuwatambua hawa, Norris. Siwezi kukosea.”

Norris alicheka, akidhani ni utani, akasema, “Haya mwalimu, twende tukaungame wote wawili, watugawie dhambi nusu kwa nusu.” Lakini marehemu alipompigia simu afisa wa wanyamapori alilitaja jina moja tu, la Norris. Norris alitozwa faini, akanyang'anywa kibali cha kuwinda kwa miaka miwili, jina lake likatoka gazetini, na kila alipopita pale ghalani watu walisema, “Ficheni kuku, Norris huyo!” Marehemu alikuwepo, na hakuwanyamazisha. Majira ya kuchipua yaliyofuata Norris alihamia mji wa Minot.

Kesi ilipokwisha, afisa yule alimpa marehemu bawa la yule bata liwe la kufundishia, naye akalitumia kila Julai kwa zaidi ya miaka ishirini. Agosti 2012, akilishona mahali lilipoachia, alikuta kwenye kiungo punje moja ya marisau, zile chembe zinazotoka kwenye bunduki ya bata, imeshika kutu. Sasa marisau ya madini ya risasi, yale yenye sumu, hayashiki kutu, na mwaka ule Norris alipiga ya madini hayo kama watu wote wa hapa, ila marehemu peke yake alikuwa amekwisha kuanza kutumia ya chuma, kwa hiari yake, ili bata wasimeze sumu matopeni.

Alikwenda Minot wiki ile ile akiwa na bawa kwenye bahasha. Norris alimsikiliza akiwa nyuma ya mlango wa wavu, hakuufungua, akasema, “Miaka ishirini na minne, kaka, halafu unaniambia mimi? Mimi nilijua kwamba sina hakika, wewe ndiye uliyejifanya unayo. Kawaambie waliokuwa wakinicheka.”

Marehemu aliiuza bunduki yake. Mara mbili alisimama kwenye mkutano wa wawindaji ili awaambie, na mara zote mbili alizungumzia mvua, akaketi. Februari mwaka huu alikutwa na saratani ya kongosho, na akiwa kitandani alimwambia dada yake, “Ardis, jambo hili kalisome wewe mbele yao, mimi niliogopa watu.” Alifariki Jumapili, tarehe 20 Julai 2014, saa tisa alasiri, Janelle akiwa amemshika mkono.

Basi, kwa agizo la marehemu, isikike mbele ya Mungu na mbele ya wana Skarvold wote, kwamba bata yule aliuawa na Verlyn, na kwamba Norris Tveiten alibeba aibu isiyokuwa yake. Norris amepelekewa taarifa ya msiba, na hakusema atakuja wala hatakuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomkatia nyasi tangu Pasaka, wenzake wa ghalani, na akina mama wa kanisa waliotuandalia chakula. Mkikutana na Norris, msalimieni kwa jina lake, na asiwepo wa kumtania.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Verlyn, ambaye aliijua kweli akachelewa kuisema, umwoshe kwa damu ya Mwanao, na yule aliyekosewa umpe moyo mwepesi angali hai. Mpe kaka yetu pumziko la amani, hata asubuhi ile utakapotuita sote. Amina.