Mama Dorca na Jumamosi ya Mkutano

Makasisi wetu wawili, wa Anglikana na wa Methodisti, wazee wa ukoo wa hapa Port Victoria, ndugu, majirani, na wewe Bwana Eliakim Okello, mwenyekiti wa Baraza la Kanisa la Umoja la Nyalenda, uliyeketi hapo mbele kwenye kiti chenye mto, mimi ni Nangila, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Dorca Atieno Naswa. Nawaomba mzime simu, na nawaomba mnivumilie, maana leo sitasoma haraka.

Mama alizaliwa tarehe 14 Aprili 1952 huko Kanyakwar, pembeni mwa Kisumu, upande ambao leo watu wanauita Obunga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yona Okinyi, fundi seremala, na marehemu Mama Penina. Alibatizwa katika Kanisa la Anglikana mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1965, na Mwanglikana alibaki hadi pumzi yake ya mwisho, jambo ambalo nataka lisikike mpaka nyuma kwenye hema, kwa sababu wapo waliotangaza kwamba alikuwa amehama.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kanyakwar hadi darasa la saba mwaka 1967, akataka sana kuendelea, lakini karo ilikwenda kwa kaka zake, naye akapelekwa kujifunza ushonaji, ambako alimaliza mwaka 1970. Kuanzia hapo alishona karibu na soko la Kibuye kwa zaidi ya miaka arobaini, akashona sare za shule, magauni ya harusi, majoho ya makasisi wa pande zote mbili, sare za Umoja wa Akina Mama, na hata koti alilolivaa Bwana Okello leo. Limemkaa vizuri. Mama hakuwa mtu wa kuharibu kazi kwa sababu ya mwenye nguo.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Absalom Naswa, fundi wa mashua katika bandari ya Kisumu, mzaliwa wa hapa na Mmethodisti wa kuzaliwa. Wakati huo watu walisema ndoa hiyo ingevunjika kabla ya Pasaka, Mjaluo na Mluhya wa Kinyala, Anglikana na Methodisti, lakini Mama alikataa kabisa kufungishwa na kasisi mmoja, akawazungukia wote wawili nyumbani kwao mpaka wakachoka kumwona mlangoni, wakakubali kusimama pamoja. Mungu aliwajalia watoto wanne, mimi, mdogo wangu Lorine, Naswa ambaye yuko Mombasa na ameshindwa kufika, na Penina, ambaye Mungu alimchukua akiwa bado mchanga. Mama ameacha pia wajukuu saba.

Sasa nifike kwenye kanisa, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Mwaka 1989 Waanglikana wa Nyalenda, mtaa wetu kule Kisumu, walikuwa na kiwanja lakini hawakuwa na jengo, Wamethodisti walikuwa na mabati na mbao lakini hawakuwa na pa kuyaweka, ndipo Mama na Baba wakawaita wazee wa pande zote mbili nyumbani, Mama akapika samaki, akafunga mlango, na hakuna aliyetoka kabla ya kukubaliana. Walikubaliana ibada ya Waanglikana iwe asubuhi na ya Wamethodisti iwe saa tano, kuwe na Baraza moja, na uenyekiti uwe wa zamu, miaka mitatu upande huu, miaka mitatu upande ule, kiti kikikabidhiwa katika mkutano wa Jumamosi ya mwisho ya Februari. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walipokezana kiti hicho, wakagombania kwaya na viti vya plastiki kama makanisa yote, lakini zamu hakuna aliyeigusa.

Mwaka 2023 Bwana Okello alikuwa amemaliza miaka yake mitatu, na Wamethodisti walikuwa wamemteua Baba apokee. Baba alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 13 Februari, na ukoo ukaweka mazishi hapa nyumbani tarehe 25, ambayo ndiyo iliyokuwa Jumamosi ya mkutano. Mama, mjane wa siku chache, alikwenda mwenyewe kwa Bwana Okello kumwomba asogeze mkutano kwa juma moja tu, akapewa chai, akaambiwa litafikiriwa. Wamethodisti wa Nyalenda wote walipanda magari wakaja kumzika mtu wao, na nusu ya Waanglikana wakaja nao, na saa ileile tulipokuwa tunamwaga mchanga juu ya jeneza la Baba, pale mnapouona msalaba ule, Bwana Okello na watu wake walikuwa kanisani wakifuta zamu, wakimrudisha yeye kwenye kiti, na kuwahamishia Wamethodisti saa nane mchana, wakati mabati yanachoma na watoto wanasinzia.

Mama alipomuuliza Jumapili iliyofuata, akiwa bado amevaa nguo nyeusi, alijibiwa mbele ya waumini wote, na maneno hayo tunayajua kwa moyo nyumbani kwetu: "Mkutano haiwezi ngojea mazishi, Mama. Mwenye alienda kuzika alijitoa mwenyewe." Kisha akaona neno lake ni tamu, akalifanya kifungu cha katiba ya Baraza, kwamba mkutano hautaahirishwa kwa msiba wa mtu yeyote, na mwenyekiti asipokuwepo, makamu wake ataongoza na kura zitapigwa.

Kuanzia siku hiyo Mama alisali saa nane pamoja na watu wa mumewe, na kwa kosa hilo aliondolewa katika Umoja wa Akina Mama, yeye aliyeshona sare zao. Alilia. Sitasema hakulia, mimi nilimwona, na tangu siku ile sijawahi kumsalimia Bwana Okello kwa moyo mweupe, hata leo mkono niliompa langoni ulikuwa mkono tu.

Mwezi wa Julai 2024 figo za Mama zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na mwezi uliopita daktari alitueleza wazi kwamba tujiandae. Alifariki Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, asubuhi, Lorine na mimi tukiwa kando yake. Najua wengi mmelalamika kwamba tumemweka mochari muda mrefu mno, kwamba watoto wake wana kiburi, kwamba tunasubiri watu wakubwa. Hatukusubiri mkubwa yeyote. Siku chache kabla ya kufariki Mama alinishika mkono akaniambia: "Nyathina, munizike hiyo Jumamosi ya mkutano. Na Okello akuje, mumpatie kiti ya mbele." Nyathina ni mtoto wangu, kwa wasiojua Kijaluo, na mtoto huyo amefanya alivyoambiwa.

Nimesikia pia minong'ono tangu asubuhi kwamba Wamethodisti wa Nyalenda wamemtupa Mama, kwamba hata kwaya haikuja. Hawakumtupa. Walimuaga mochari jana, wakalia, wakarudi Nyalenda kwa sababu sisi tuliwaomba, na tangu saa nne leo wako kanisani pamoja na Waanglikana waliochoshwa, chini ya makamu mwenyekiti, Mama Lornah, ambaye ni Mwanglikana kama Mama. Wamekwenda kurudisha zamu, na anayesimama upande wa Wamethodisti ni Mwalimu Wepukhulu. Bwana Okello na wazee wake tuliwakodishia basi zuri, tukamweka kwenye ratiba azungumze baada ya historia hii, na nimeambiwa njiani alichekacheka akisema kila mtu atakuwa mazishini, kura haitapigwa, yeye ataendelea.

Bwana Okello, naona umeinuka. Keti, tafadhali. Kutoka hapa hadi Kisumu ni zaidi ya saa mbili, na dereva wa basi bado hajala.

Baba Kasisi, unaniangalia, na najua unachotaka kusema, kwamba kaburini si mahali pa mambo haya. Mambo haya hayakuanzishwa na sisi, na yalianzia kaburini. Kuhusu msamaha, familia iko tayari kuuzungumzia, lakini siku nyingine.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mama hata alipokuwa mkali kwao, majirani wa Nyalenda waliobeba maji yake siku ambazo hakuweza kusimama kwenye foleni, washonaji wenzake wa Kibuye waliomshonea gauni analozikwa nalo, akina mama wa Port Victoria waliopika tangu juzi, na makasisi wetu wawili, ambao wamesimama pamoja leo kama wenzao walivyosimama mwaka 1974. Namshukuru pia Bwana Okello, kwa sababu bila kifungu chake mkutano wa leo ungeahirishwa kwa heshima ya marehemu.

Lorine, ambaye hakuzima simu, amenipa ishara. Mama Lornah amepiga kutoka Nyalenda, zamu imerudi, na Mwalimu Wepukhulu amekalia kiti. Ratiba haijabadilika, Bwana Okello atakuja kuzungumza sasa, ila lile neno "mwenyekiti" lililoandikwa chini ya jina lake naomba mlifute, atazungumza kama mfiwa mwenzetu.

Mama, umechoka, lala sasa bila wasiwasi, na ukimkuta Baba, mwambie zamu yake imefika.