Bata wa Setsuyo

Benchi la mkahawa wa Bi. Igaki liko kwenye kona ya mtaa wa wafumaji wa Nishijin ambako zamani ilibidi mtu apaze sauti ndipo asikike, kwa jinsi vitanda vya kufumia hariri vilivyokuwa vikigonga kutwa. Siku hizi vitanda vimenyamaza, ila waliozoea kupaza sauti hawajapata taarifa. Wapo watatu. Bi. Igaki mwenyewe, mwenye birika, huitwa Redio kwa sababu hazimwi. Nakasuji, muuza nyuzi mstaafu, huitwa Waziri, maana hutoa matamko kila siku ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kusimamia zamu ya usafi wa mtaa. Wa tatu ni mzee Kuramochi, aliyefuma mikanda ya kimono maisha yake yote. Yeye ni Simiti. Siku ya mazishi ya mkewe alisimama mlangoni akawashukuru watu kwa sauti ile ile anayoagizia tofu, na jina likamganda.

Asubuhi hiyo Simiti alikuja na furushi mapajani. Alikuwa njiani kwenda kwa binti yake Fumie, ambaye hununua nguo za hariri za zamani, akazikata, akazigeuza mito ya makochi, vitambaa vya meza na kofia za taa. Ndani ya furushi mlikuwa na kimono cha marehemu mkewe, Setsuyo. Fumie alikuwa amekiomba kabla ya saa sita, kwa ajili ya mito ya hoteli moja. Karakana yake iko mtaa wa pili tu, lakini baba mtu alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Alitaka mtu amwambie akipeleke, au amwambie asikipeleke. Mwenyewe alikuwa hajui, na kutojua kulimkera.

— Ni nguo tu, alisema. Iko sandukuni inanuka kafuri. Ikiwa mito, angalau itawafaa watu.

— Itayafaa makalio ya watu, akasema Waziri. Tusifichane.

Redio hakungoja ruhusa. Alilifungua furushi, akakitandaza kimono juu ya benchi, na wote watatu wakainama. Kilikuwa cha rangi ya majivu mepesi, na pindoni bata wa rangi rangi waliogelea wawili wawili, dume na jike, kama wanavyochorwa kwenye nguo za watu waliooana. Mgongoni, chini ya shingo, palikuwa na nembo ndogo ya ukoo.

Waziri alikisifu kwa dakika nzima, kisha akaanza kazi. Alisema Fumie hana kosa, mtoto anatafuta riziki, lakini nyuma yake kuna mpango mkubwa. Mahoteli yamegundua kuwa mgeni akikalia hariri anasinzia, na mgeni aliyesinzia haulizi bei ya chai.

— Sasa piga hesabu wewe, alisema. Bata wako dume yuko kwenye mto huu, jike yuko kwenye mto ule. Mkasi umepita katikati. Watalii wawili wameoana juzi, mmoja anakalia huyu, mwingine anakalia yule. Wakirudi kwao, talaka.

— Kwa hiyo talaka zote za Ulaya zinatoka kwa Fumie.

— Sijasema zote, Simiti. Nimesema nyingi.

Redio naye hakukubali kuachwa nyuma. Alisimulia habari za mama mmoja aliyenunua kofia ya taa iliyoshonwa kwa kimono cha mtu asiyemjua. Kila akiwasha taa, anasikia mtu akiguna. Akabadilisha balbu, mguno uko pale pale. Mwishowe akajua kwamba mwenye nguo alikuwa mbahili wa umeme.

— Ulimjua wapi huyo mama? Waziri akauliza.

— Nimeambiwa na mtu anayemjua.

— Basi ni kweli.

— Na hii nembo je? Redio akaendelea, akiigonga kwa kidole. Hii ni nembo ya akina Kuramochi. Ikiangukia katikati ya mto, kila anayekaa anaukalia ukoo mzima. Babu yake Simiti, yule aliyekuwa na kiburi, aliyekataa kupanda tramu na wauza samaki, leo akaliwe na mtu mwenye kaptura.

Hapo hata Simiti alicheka. Babu yake alistahili. Waziri alichukua nafasi hiyo kutangaza kwamba baada ya nguo yatakatwa na mapaa ya mahekalu yawe visahani vya kuwekea vikombe, na baada ya mahekalu wazee wenyewe watapakwa vanishi wawe vigoda. Alijitolea kuwa wa kwanza, ili mradi awekwe karibu na dirisha.

Walikigeuza kimono, wakabishana kuhusu nyuzi zake na nani aliyezitia rangi. Waziri aliapa kwamba nyuzi zilitoka dukani kwake. Redio, ambaye marehemu mama yake alikuwa mshonaji, alisifu pindo. Simiti aliona mahali ambapo mfumaji aliteleza kidogo karibu na bega, akawaonyesha kwa furaha, kwa kuwa hakukifuma yeye.

— Setsuyo alikipenda hiki, akasema, na akajisikia vizuri kulisema. Alikivaa kila sherehe. Ndiyo maana nasita. Ila kimetumika vya kutosha, kinaweza kupumzika.

Wenzake waliitikia. Walikuwa wamekaribia kumpa ruhusa, naye alikwishashika ncha za kitambaa cha furushi, pale Bi. Onodera aliposimama mbele yao. Huyu ni dereva wa teksi aliyehamia mtaani majuzi tu kutoka kaskazini, na hana hata jina la utani bado. Alikuja kununua kahawa. Akaomba kukishika, akafuta mikono kwenye suruali, akaushika mkono wa kimono pembeni kabisa.

— Kizuri, alisema. Mwenyewe alikuwa anakiweka kwa siku gani?

— Siku gani vipi? Redio akamuuliza.

— Si bado kina bandi?

Wakatazama. Ukingoni mwa mkono, na shingoni, na kuzunguka pindo lote, palipita uzi mweupe mwembamba wa bandi, ule anaouacha fundi ili mikunjo isiharibike, nao hutolewa asubuhi ya siku nguo inapovaliwa mara ya kwanza. Hakuna mtoto wa Nishijin asiyejua hivyo. Mfumaji, muuza nyuzi na binti wa mshonaji walikuwa wamekikodolea macho asubuhi nzima. Wameona rangi, wameona kosa la begani, wamewaona na Wazungu wanaoachana. Uzi hawakuuona.

Redio akaenda kutazama birika. Lilikuwa tupu.

Simiti alikuwa akizitafuta zile sherehe kichwani. Alizikumbuka zote. Karamu za chama cha wafumaji, harusi za wana wa matajiri wake, pombe ya sake na hotuba. Katika kila moja alijiona mwenyewe amekaa na joho lake jeusi, na pembeni yake amekaa mwanamume mwingine. Setsuyo alikuwa nyumbani, analinda kitanda cha kufumia na oda zisichelewe. Kila masika aliomba waende Omuro kuangalia maua ya miti ya cheri, na kila masika alijibiwa neno moja, mwakani. Simiti aliona aibu, aibu ya waziwazi iliyompanda mpaka masikioni, na hakuificha.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Fumie, mkasi tayari, anauliza ataletewa lini.

— Mwaka..., akaanza, akajisikia analirudia lile neno, akaliacha. Fumie, wewe na mama yako mlilingana kimo?

Sauti ilisikika ikisema kwamba alimzidi mama yake kidogo tu, na ikauliza kuna nini.

— Basi njoo hapa ukivae. Bandi utazitoa mwenyewe. Bi. Onodera ana teksi, atatupeleka Omuro.

Redio alimkumbusha taratibu kwamba Omuro wakati huu hakuna ua hata moja.

— Tutaangalia miti, akasema Simiti.

Simuni Fumie alikuwa bado anauliza kuhusu mito ya hoteli, awaambie nini.

— Kata joho langu jeusi, akajibu baba yake, huku akikunja kimono kwa kufuata mikunjo ile ile. Hilo ndilo lililokwenda kila sherehe.